Fedha ya tamthilia inaishia wapi msanii anapougua?

Amri Athumani, ambaye Watanzania wengi walimfahamu kwa jina la King Majuto, aliwachekesha watu kwa miongo kadhaa. Alipita jukwaani, kwenye kanda za video, kwenye televisheni na kwenye matangazo ya biashara. Mwaka 2018 alipougua na kupelekwa India kwa matibabu, mazungumzo yaliyotawala hayakuhusu vichekesho vyake. Yalihusu mikataba yake. Watu waliuliza ilikuwaje sura iliyouza bidhaa za wengine kwa miaka yote hiyo ikawa haina akiba ya kujitibu. Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee Majuto alifariki dunia Agosti 8 mwaka huo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Kabla yake, Januari 2013, alitangulia Juma Kilowoko, maarufu kama Sajuki, aliyeugua kwa muda mrefu. Matibabu yake ya India yalitegemea michango ya mashabiki na wasanii wenzake.

Hakuna kundi la WhatsApp la ukoo au la mtaa ambalo halijawahi kupokea ujumbe wa aina hiyo: picha ya msanii akiwa kitandani, namba ya simu ya kutuma mchango, na ombi la chochote ulichojaaliwa. Watu hutoa, kwa kuwa anayeumwa aliwahi kuwaliza na kuwachekesha wakiwa sebuleni kwao. Lakini mchango huo pia ni ushahidi kwamba kuna fedha ilizalishwa mahali fulani na haikurudi kwa aliyeifanyia kazi.

Kwa hiyo, thamani ya filamu na tamthilia katika uchumi wa nchi ni hesabu inayomhusu hata mzazi asiyejali uchumi, hasa mwenye kijana anayeaga kila Jumamosi alfajiri kwamba anakwenda lokesheni.

Dakika 25 za skrini

Chukua kipande kimoja cha tamthilia ya jioni. Wanaoonekana ni watu wanne wanaogombana sebuleni kuhusu urithi. Wasioonekana ni wengi kuliko hao. Yupo aliyeandika muswada, mwongozaji, mpiga picha na msaidizi wake, kijana aliyeshika maiki juu ya vichwa vya waigizaji, fundi wa taa, mpambaji, na anayehakikisha kwamba shati alilovaa baba asubuhi ndilo lile lile litakaloonekana akifungua mlango. Baadaye kuna mhariri anayekesha na kompyuta, mtengeneza sauti, na mtu wa kuandika tafsiri chini ya picha ikiwa kazi itavuka mipaka.

Ukitoka nje ya seti, fedha inaendelea kusambaa. Nyumba yenye sebule nzuri ni ya mtu, naye hulipwa kwa siku. Kuna mama lishe anayeleta wali na maharage ya watu 20, dereva wa Noah, bodaboda anayekimbizwa kufuata betri, fundi cherehani na mwenye jenereta. Umeme ukikatika, jenereta hiyo hulipwa hata kama siku hiyo haikupatikana picha moja ya maana.

Hapo ndipo thamani ya kwanza ya tasnia hii ilipo. Ni kazi inayohitaji mikono mingi, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ni ya vijana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilitoa ripoti mwaka 2021 kuhusu filamu barani Afrika. Lilikadiria kuwa sekta ya filamu na picha za sauti inaajiri watu wapatao milioni 5 na kuchangia dola bilioni 5 za Marekani katika pato la bara zima. Ripoti hiyohiyo ilisema sekta ikisimamiwa vizuri inaweza kufikisha ajira milioni 20 na dola bilioni 20.

Ripoti ilieleza pia kinachoizuia. Afrika ina wastani wa ukumbi mmoja wa sinema kwa karibu watu 787,000, na katika theluthi mbili ya nchi zilizochunguzwa ilikadiriwa kuwa nusu ya mapato au zaidi hupotea kwa wizi wa kazi.

Isiyohesabiwa haionekani

Nigeria inatoa mfano mzuri wa jinsi nchi inavyoweza kuwa na utajiri isiouona kwenye vitabu vyake. Hadi mwaka 2014 ilikuwa inapima uchumi wake kwa kutumia picha ya mwaka 1990, wakati ambapo simu za mkononi hazikuwepo na Nollywood haikuwa imezaliwa. Ilipobadili mwaka wa msingi kuwa 2010 na kuhesabu upya, filamu na muziki vikiwemo, uchumi ulionekana mkubwa kwa takriban asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Shughuli zilikuwepo muda wote, ila sasa ziliandikwa.

Kwa Tanzania, takwimu za Pato la Taifa huiweka filamu ndani ya kapu linaloitwa sanaa na burudani. Kapu hilo ni dogo, chini ya asilimia moja ya uchumi wote, lakini limekuwa likikua kwa kasi. Mwaka 2021, baada ya kuporomoka mwaka wa korona, lilikua kwa asilimia 19.4. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lilipima kwa kipimo kipana zaidi katika utafiti uliotoka mwaka 2012. Liliunganisha shughuli zote zinazotegemea hakimiliki, yaani magazeti, vitabu, muziki, filamu, matangazo na nyinginezo, likapata mchango wa karibu asilimia 4.6 ya pato na asilimia 5.6 ya ajira nchini.

Tofauti kati ya namba hizo mbili haina maana kwamba mmoja amedanganya. Wamehesabu vitu tofauti. Na kuna sehemu ambayo hakuna hata mmoja wao anayeifikia kirahisi: malipo ya mkono kwa mkono, bila risiti, bila mkataba, ambayo ndiyo njia ambayo vijana wengi wa lokesheni hupokea haki yao. Mtu anayelipwa hivyo haonekani kwenye takwimu za taifa. Haonekani pia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wala kwenye bima ya afya. Ni mtu yuleyule, tatizo lilelile.

Kazi iliuzwa kama gunia la mahindi

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapa, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, wakati filamu ikionekana kama chombo cha kuelimisha umma zaidi ya biashara. Televisheni Bara ilichelewa mno. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi ITV ilipoanza mwaka 1994. Ndipo vikundi vya maigizo kama Kaole vikaanza kuingia sebuleni kwa watu kila wiki, na majina ya waigizaji yakawa majina ya watoto wa mtaani wakicheza.

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na marehemu George Otieno, maarufu Tyson. Wengi huitaja kama mlango uliofungua biashara ya bongo muvi. Katika miaka iliyofuata filamu zilitoka mfululizo, na Steven Kanumba akawa jina la kuvuka mipaka, akicheza na nyota wa Nigeria kama Ramsey Nouah. Alipofariki Aprili 7, 2012 akiwa na umri wa miaka 28, umati uliojaa Leaders Club jijini Dar es Salaam kumuaga ulionyesha kitu ambacho hakuna takwimu ilikuwa imekisema: hii ilikuwa biashara yenye wateja wengi.

Lakini biashara hiyo iliendeshwa kwa namna moja kuu. Prodyuza alikopa, akarekodi kwa siku chache, kisha akaipeleka filamu kwa msambazaji na kuiuza kwa bei ya mara moja, haki zote zikiwa ndani. Ilikuwa kama kuuza gunia la mahindi: ukishapokea fedha, gunia si lako tena, hata likija kuuzwa unga kwa bei mara tano. Mwigizaji naye alilipwa na prodyuza mara moja, siku ya mwisho ya kurekodi, au aliahidiwa. Nani asiyekumbuka filamu zilizokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili? Watazamaji walilalamika kwamba hadithi inavutwa, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kukata filamu ilikuwa njia ya kuuza mara mbili kazi moja, kwa kuwa hapakuwa na uhakika wa kupata kitu kingine baadaye.

Wizi ukamaliza kilichobaki. Diski moja yenye filamu nyingi iliuzwa barabarani kwa bei ya chipsi. Baadaye hata diski haikuhitajika. Mtu alikwenda na flashi kwenye kibanda, akajaziwa. Vibanda umiza navyo vilionyesha kazi bila kumlipa mwenye kazi. Serikali iliweka stempu za kodi kwenye diski za filamu na muziki mwaka 2013, na Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo dhidi ya filamu za nje zinazouzwa kinyume cha sheria. Kufikia wakati huo simu janja zilikuwa zimeanza kulizika soko la diski lenyewe.

Ving'amuzi na mshahara wa kipande

Kilichobadilisha hali kwa kiasi fulani ni ving'amuzi. Kampuni za televisheni za kulipia zilihitaji maudhui ya Kiswahili ili mama na baba wa Tandika na Ilemela waone sababu ya kulipia kifurushi. Chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zikaanza kununua na kuagiza kazi za ndani. Tamthilia kama Huba na Jua Kali zimeendelea misimu kwa misimu, na tamthilia ndefu ina kitu ambacho filamu ya diski haikuwa nacho: mwigizaji au fundi taa anajua ana kazi mwezi ujao.

Kwa familia, hilo ni badiliko kubwa kuliko umaarufu. Mtu mwenye kipato cha kila mwezi, hata kidogo, anaweza kulipa ada kwa awamu, kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii na kukata bima. Mtu anayepata milioni mbili Machi na asipate kitu hadi Septemba hupata shida kupanga chochote, na fedha ya Machi huisha kwa madeni ya Januari.

Bado kuna pengo. Tamthilia ikirudiwa mara ya tatu, au ikiuzwa kwenye chaneli ya nchi nyingine, nani analipwa? Jibu liko kwenye mkataba tu. Kama mkataba unasema haki zote zimeuzwa, msanii ataendelea kujiona kwenye televisheni akiwa amelala wodini, na hakuna senti inayomfikia. Kwenye muziki kumekuwa na hatua: Januari 2022 Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, iligawa mirabaha kwa wanamuziki ambao nyimbo zao zilipigwa redioni. Waigizaji wana sababu ya kutaka mfumo kama huo kwa kazi zao.

Vijana wengine wamehamia YouTube, ambako kanda fupi za vichekesho hupakiwa kutoka uwani. Huko nako kuna mlango. Ili chaneli ianze kugawana mapato ya matangazo, kiwango kinachofahamika ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Mlango huo ukishafunguka, fedha huingia kwa mwenye akaunti. Mzazi aulize akaunti ni ya nani. Makundi mengi ya vichekesho yamevunjika kwa swali hilo kuulizwa likiwa limechelewa.

Thamani isiyo na risiti

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao wahasibu hawauandiki. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na Ukimwi. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walinganishe. Maeneo yaliyosikiliza yalionyesha ongezeko la matumizi ya uzazi wa mpango kuliko Dodoma, na Dodoma nayo ilibadilika baada ya kuanza kusikiliza. Mwaka 2012 ikaja tamthilia ya televisheni ya Siri ya Mtungi, iliyorekodiwa Bagamoyo, nayo ikabeba mada za afya ya uzazi na virusi vya Ukimwi bila kuwahubiria watu.

Mimba moja iliyopangwa na mgonjwa mmoja aliyepima mapema ni fedha iliyookolewa na familia na hospitali. Lakini fedha hiyo haionekani kwenye safu ya sanaa na burudani.

Utalii ni vilevile. Filamu ya Marekani ya Hatari!, aliyocheza John Wayne, ilirekodiwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962, na hadi leo kuna nyumba ya wageni karibu na Arusha inayobeba jina hilo. Mwaka 2022 ilikuja Royal Tour, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ndiye mwenyeji mbele ya kamera. Watalii wa kimataifa walipanda kutoka takriban 922,000 mwaka 2021 hadi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023. Si haki kuipa filamu moja sifa yote, maana dunia nzima ilikuwa inatoka kwenye korona, lakini si haki pia kuinyima yote.

Kijana akisema anataka kuigiza

Wazazi wengi wakisikia neno hilo hufikiria mambo mawili, umaarufu au upotevu. Tasnia ni pana kuliko hayo. Sauti, taa, uhariri, uandishi wa miswada na uhasibu wa uzalishaji ni kazi zisizo na mashabiki wala matusi ya mitandaoni, na anayezijua vizuri hazeeki kwa soko kama uso unavyozeeka. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha sanaa za maonyesho na uzalishaji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Mzazi mwenye kijana anayechezea kamera ya simu mchana kutwa aanze kuulizia huko kabla ya kuipokonya simu.

Akishapata kazi, mkataba uje kwanza, hata uwe wa ukurasa mmoja. Uonyeshe kiasi na tarehe ya malipo, nani anamiliki kazi, nini kitatokea ikirudiwa au ikiuzwa kwingine, na nani anagharamia matibabu mtu akianguka kwenye ngazi ya taa au akipata ajali akirudi kutoka lokesheni saa nane usiku. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na ajali za usiku baada ya saa 16 za kazi ni jambo linalotabirika. Mwili usiolala huendesha pikipiki vibaya kama mwili wa mlevi.

Waliojiajiri wanaruhusiwa kujiunga na NSSF kwa hiari, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima. Kijana wa miaka 22 mwenye afya njema huiona bima kama fedha inayotupwa. Akumbushwe zile picha za WhatsApp.

Kwa mtoto mdogo, mambo ni makali zaidi. Watoto wanapendeza kwenye tamthilia, na mzazi anayesifiwa kwamba mwanaye ana kipaji husahau haraka kuangalia saa. Sheria za Tanzania zinaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na hata hapo ni kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Prodyuza akisema kipande cha mtoto kitarekodiwa saa nne usiku kwa sababu ndipo nyumba imepatikana, mzazi amwambie abadilishe nyumba au abadilishe saa, kisha ampeleke mtoto akalale.